Kabla Hujafunga Begi, Kabla Hujamwonyesha Mgeni Mti

Aprili 2025, katika nyumba ya wageni kaunti ya Nakuru, maofisa wa Kenya waliwakuta vijana wawili wa Kibelgiji na mzigo uliowachekesha wengi habari zilipotoka: sisimizi. Walikuwa malkia wa sisimizi wavunaji, Messor cephalotes, waliofungiwa kwenye vichupa vyenye pamba, jumla yao kama 5,000. Huko Ulaya na Asia kuna watu wanaofuga sisimizi ndani ya vioo, wakiwatazama wanavyochimba vijia na kuweka akiba ya mbegu. Koloni zima huanzia kwa malkia mmoja, kwa hiyo bei yake si ya kuchezea. Mwezi Mei mahakama iliwatoza vijana hao faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, la sivyo kifungo cha miezi 12. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, liliuita mkasa huo wizi wa rasilimali za kibiolojia.

Kicheko kando, kesi hiyo ina funzo kwa msafiri na mkulima. Sisimizi hao hawakuwamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Aliyekagua orodha hiyo peke yake angedhani njia ni nyeupe. Kilichowanasa ni sheria ya wanyamapori ya Kenya yenyewe, ya mwaka 2013, na KWS ikaongeza hoja ya Itifaki ya Nagoya, ambayo inahusu nani ananufaika na viumbe vya nchi.

Mtu anayesafiri na kinyago, anayeuza udi, anayemchemshia jirani gome la mti, au anayempokea mtafiti shambani kwake, yuko chini ya sheria za aina tatu kwa wakati mmoja. Kila moja ina ofisi yake na swali lake. Ya kwanza inauliza: kitu hiki kikivuka mpaka, je, aina yake itaponea huko kilikotoka? Ya pili: nani ameruhusu kichunguzwe maabara, na faida itagawanywa vipi? Ya tatu: wazo hili ni la nani? Balaa nyingi huanza pale mtu mwenye jibu la swali moja anapodhani amejibu yote matatu.

Mzigo unaovuka mpaka

CITES ilitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973, ikaanza kutumika Julai 1975. Wanachama wake ni nchi 184 pamoja na Umoja wa Ulaya. Ukiitaja, watu hufikiria ndovu na faru, na si bure: Kenya ilichoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, miezi michache kabla ya biashara ya kimataifa ya pembe kupigwa marufuku, ikachoma tani 105 nyingine Aprili 2016. Lakini orodha ya mkataba huo ina aina zaidi ya 40,000, na zaidi ya 30,000 kati ya hizo ni mimea. Anayedhani CITES haimhusu kwa kuwa hauzi pembe atazame tena begi lake.

Orodha imegawanywa katika viambatisho vitatu. Kiambatisho cha Kwanza ni cha viumbe walio hatarini zaidi, na biashara ya kimataifa ya viumbe waliotoka porini haikubaliki. Humo wamo kakakuona wa aina zote, kasa wote wa baharini, na mjusi mmoja mdogo wa buluu ambaye nitamrudia hivi punde. Kiambatisho cha Pili ndicho kikubwa kuliko vyote. Aliyemo huko anaweza kuuzwa nje, mradi nchi anakotoka itoe kibali baada ya wataalamu wake kuridhika kuwa uvunaji hauimalizi aina hiyo. Cha Tatu ni cha viumbe ambao nchi moja imeomba wenzake wasaidie kuwalinda. Msafiri wa kawaida hakutani nacho mara nyingi.

Mjusi huyo, Lygodactylus williamsi, makao yake ni msitu wa Kimboza na vipande vya jirani mkoani Morogoro, Tanzania, basi. Dume ni la buluu inayong'aa kama shanga mpya. Jike lina rangi ya kijani. Hukaa juu kabisa, katika vilele vya miti ya jamii ya mikadi, kati ya majani marefu yenye miiba. Wawindaji waliokuwa wakiwatafutia wafugaji wa Ulaya hawakupanda juu. Waliukata mti mzima, wakaokota mijusi chini. Kwa hiyo kila mjusi aliyefika kwenye kioo cha mtu ng'ambo aliwagharimu waliobaki nyumba yao. Tangu Januari 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza.

Tuje kwenye vitu vya nyumbani. Udi unaofukizwa Zanzibar, Mombasa na Muscat hutoka katika miti ya Aquilaria ya Asia. Utomvu wenye harufu hutokea mti ukishajeruhiwa na kuingiwa na kuvu, na kwa kuwa kwa nje ni vigumu kujua upi una utomvu, hukatwa miti mingi ili kupata michache yenye mali. Miti yote ya Aquilaria iko katika Kiambatisho cha Pili tangu mwaka 2005. Makubaliano ya CITES yanamruhusu msafiri kubeba bila kibali hadi kilo moja ya vipande vya udi, mililita 24 za mafuta yake, na tasbihi mbili. Posho hiyo ni ya matumizi yako binafsi, kwa mzigo unaosafiri nao mwenyewe. Ukimtumia dada yako kilo tano kwa kargo akaziuze dukani, hiyo ni biashara, na biashara inataka karatasi. Tena kila nchi ina ruhusa ya kuwa kali zaidi ya mkataba, kwa hiyo uliza kwanza unakokwenda.

Mpingo nao umo katika Kiambatisho cha Pili tangu Januari 2017, pamoja na karibu jamii yake yote ya Dalbergia. Baada ya malalamiko ya wapiga zumari na klarineti waliokuwa wakizuiwa viwanja vya ndege, mkutano wa Geneva wa 2019 ulilegeza kamba: ala za muziki zilizokamilika hazihitaji kibali cha CITES, na vilevile bidhaa nyingine zilizokamilika ikiwa mbao ya mpingo katika shehena haizidi kilo 10. Kinyago cha Kimakonde cha kuwekwa sebuleni kinapita hapo bila shida. Gogo halipiti, wala mbao ghafi. Hata hivyo msamaha wa CITES haufuti sheria ya misitu ya nchi, na ofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ana haki ya kukuuliza mti ulitoka wapi. Nunua kwa mchongaji anayeweza kukupa risiti, na uitunze hadi ufike.

Pwani ndiko wengi hujikwaa. Bangili ya gamba la ng'amba, hata kama bibi yako aliivaa siku ya harusi yake, huwezi kuvuka nayo mpaka bila hati ya kuthibitisha kuwa ilipatikana kabla ya mkataba kuanza kumlinda mnyama huyo. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili, na makombe makubwa ya jamii ya Tridacna pia. Mchuuzi wa ufukweni atakuapia kuwa hakuna shida. Siku ya kukaguliwa hatakuwepo, na jina lililo kwenye begi ni lako. Nchini Tanzania wanyamapori na sehemu za miili yao ni nyara za serikali. Kukutwa nazo bila kibali ni kosa hata kama hukuua mnyama na hukusudii kuuza.

Msandali nao hauko salama. Mti huu wa nchi kavu, Osyris lanceolata, hukamuliwa mafuta ya manukato, na mafuta mengi yako chini, kwa hiyo huvunwa kwa kung'olewa pamoja na mizizi. Baada ya hapo hakuna cha kuchipua. Tangu 2013 misandali ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia imo katika Kiambatisho cha Pili. Anayekuja kijijini akinunua mizizi kwa kilo na kuisomba usiku, hana kibali.

Gome moja, maswali matatu

Upo mti wa misitu ya milimani unaoota kuanzia Mlima Kenya hadi Kameruni, Wakikuyu wanauita muiri na wataalamu wanauita Prunus africana. Gome lake ni dawa ya matatizo ya mkojo ya wanaume wazee, yale yatokanayo na kuvimba kwa tezi dume. Kusini mwa Afrika wenyeji walilitumia kwa maumivu ya kibofu tangu zamani. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa iliyotokana nalo, ikauzwa Ulaya kwa miongo. Gome lilisafirishwa kwa tani kutoka Kameruni, Kenya, Madagaska na kwingineko, na mti ukibanduliwa gome kuuzunguka wote, hukauka. Mwaka 1995 ukaingia katika Kiambatisho cha Pili.

Angalia ulinzi huo unafanya nini na haufanyi nini. Ofisa wa CITES akiletewa maombi ya kusafirisha gome, anauliza kama miti itabaki. Hamuulizi mnunuzi alijuaje kuwa gome ni dawa. Hilo halimo katika fomu yake, na halikuwahi kuwekwa humo. Kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya swali hilo kupata mahali pa kuulizwa, gome lilikuwa bidhaa kama magunia ya mkaa.

Mahali penyewe palipatikana Rio de Janeiro, Juni 1992, ulipofunguliwa kwa saini Mkataba wa Bayoanuwai. Kabla yake viumbe vilihesabiwa kuwa urithi wa wanadamu wote, maneno matamu ambayo kwa vitendo yalimaanisha mwenye maabara achukue. Mkataba ukasema kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa Oktoba 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, ikaweka utaratibu: mtafiti apate ridhaa kabla ya kuchukua, na masharti ya mgawanyo wa faida yaandikwe na kukubaliwa na pande zote. Kama maarifa ni ya jamii fulani, jamii hiyo nayo iridhie. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zote ni wanachama. Marekani haimo hata katika mkataba wenyewe wa 1992, na jambo hilo lina uzito kuliko hotuba nyingi, kwa kuwa kampuni kubwa za teknolojia ya viumbe ziko huko.

Ziwa Bogoria linaonyesha vizuri kinachotokea ridhaa isipoandikwa mapema. Mwaka 1992 watafiti walichukua sampuli za vijidudu katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Vijidudu hivyo huishi katika maji ambayo yangemchubua mtu ngozi, na vimeng'enya vyao havilegei kwenye magadi na joto. Kampuni ya Kimarekani, Genencor, ilitengeneza kutokana na vijidudu vya huko vimeng'enya vya kufifisha rangi ya jinzi ili ionekane imevaliwa miaka, na vingine vya sabuni ya kufulia. Mwaka 2004 KWS ilitangaza kudai mgao wa faida. Lakini Mkataba wa Bayoanuwai ulianza kutumika mwishoni mwa Desemba 1993, na sampuli zilikuwa zimeshaondoka. Mwaka 2007 KWS ilifanya vingine: iliingia mkataba wa kimaandishi na kampuni ya Kidenishi, Novozymes, kabla ya kazi kuanza, wenye mafunzo na mgao ndani yake. Tofauti ya matukio hayo mawili ni tarehe ya karatasi.

Na hata karatasi ya serikali si mwisho wa habari. Waendorois waliishi kandokando ya Bogoria hadi walipohamishwa miaka ya 1970 kupisha hifadhi. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kuwa haki zao zilivunjwa. Kwa hiyo ukisikia "nchi imenufaika", uliza ni nani hasa aliyepokea.

Jambo jipya ni kwamba siku hizi mtafiti si lazima abebe kijidudu. Anaweza kusoma mfuatano wa vinasaba vyake, akauweka kwenye kompyuta, na mwenzake wa nchi nyingine akautumia bila kukanyaga Bogoria. Ndiyo sababu mkutano wa Mkataba wa Bayoanuwai huko Cali, Kolombia, mwaka 2024 ulianzisha mfuko ambao kampuni kubwa zinazotumia taarifa hizo zinatakiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha iende kwa jamii asilia na za wenyeji. "Zinatakiwa" ni neno la hiari hapa. Msihesabu fedha hizo katika bajeti ya kijiji bado.

Hataza na dawa za bibi

Hataza ni haki ya kumzuia mwingine asitengeneze au kuuza uvumbuzi wako, kwa kawaida kwa miaka 20. Sharti lake kuu ni upya. Mwaka 1995 watafiti wawili nchini Marekani walipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Kila mpishi wa Tanga au Lamu angecheka, lakini sheria ya Marekani ya wakati huo haikuhesabu yaliyofanywa na watu wa nchi nyingine kwa mazoea tu. Yalipaswa yawe yamechapishwa au kusajiliwa. Baraza la utafiti la India likapeleka maandiko ya kale na ya karne ya 20, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Mwarobaini ulichukua muda zaidi. Hataza ya Ulaya ya kutumia mafuta yake kuua kuvu wa mimea ilitolewa 1994, ikapingwa, ikafutwa 2000, na rufaa ikatupwa 2005. Miaka kumi ya mawakili kwa jambo lililojulikana vijijini.

Kabla hujakasirika, jua mambo mawili. Hataza ina nguvu katika nchi iliyotolewa tu. Hataza ya Marekani haikumzuia mtu yeyote wa Tanga kupaka manjano kwenye kidonda. Madhara yake ni kwa anayetaka kuuza bidhaa kwenye soko hilo. Pili, si kila malalamiko ya kuibiwa yanahusu hataza. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la kikoi kuwa alama yake ya biashara. Hakuna aliyedai kuvumbua kikoi. Iliyotakiwa ni haki ya jina. Wakenya na marafiki zao wa biashara ya haki walipinga, na mwaka 2008 maombi yakaachwa. Ukichanganya hataza na alama ya biashara utapeleka pingamizi ofisi isiyohusika, na muda wa kupinga huwa mfupi.

Mei 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani zilikubaliana mkataba unaomtaka anayeomba hataza ataje nchi ilikotoka rasilimali ya kijenetiki, na jamii iliyotoa maarifa. Utaanza kutumika miezi mitatu baada ya nchi 15 kuuridhia. Nauona kuwa hatua ya kweli lakini nyembamba: anayesahau kutaja hanyang'anywi hataza kwa sababu hiyo pekee, isipokuwa alidanganya kwa makusudi. Kanda yetu ilitangulia. Itifaki ya Swakopmund ya ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, kuhusu maarifa ya jadi, ilipitishwa 2010 na kuanza kutumika 2015, na sheria ya Kenya ya 2016 inazitaka kaunti kuweka rejesta za maarifa ya jamii zao. Nenda kaunti yako uulize rejesta iko wapi. Jibu utakalopewa litakuambia mengi.

Mgeni akifika

Sasa tuseme mtafiti amefika na daftari, kamera na mifuko ya sampuli, anataka kuonyeshwa miti ya dawa. Mkaribishe, mpe kiti. Kisha mwombe vibali. Nchini Kenya atakuwa na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na akitaka kuchukua rasilimali za kijenetiki awe pia na cha NEMA, mamlaka ya mazingira; Tanzania mlango ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia; Uganda ni baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Kibali cha utafiti pekee si ruhusa ya kusafirisha, na kibali cha kusafirisha si ruhusa ya kuomba hataza. Akikwambia vyote ni kitu kimoja, ama hajui au anajua.

Muulize sampuli itafika kwa nani mwingine. Swali hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu mtafiti wa chuo huwa mkweli kabisa, na mwenzake aliyemgawia kipande miaka mitano baadaye hajui hata jina la kijiji. Masharti yaseme wazi kuwa mtu wa tatu hapewi bila kurudi kuomba upya. Yaseme pia majina ya waliotoa maarifa yataandikwa vipi kwenye machapisho, matokeo yatarudishwa lini, na kwa Kiswahili au lugha ya pale.

Kuhusu fedha, usidanganyike. Mimea mingi inayopimwa haifiki dukani kuwa dawa, na ile inayofika huchukua miaka mingi. Asilimia ya faida isiyokuja ni sifuri. Mimi ningeomba vitu vya karibu kwanza: kijana wa kijijini afunzwe kazi ya maabara, kitalu cha mti wenyewe kipandwe, nakala ya kila kitu iachwe. Asilimia iandikwe, lakini isiwe peke yake.

Na kuna uamuzi ambao hauwezi kurudishwa nyuma. Dawa ikishachapishwa, mgeni hawezi tena kuidai kuwa uvumbuzi wake mpya, lakini nanyi hamwezi tena kuiita siri yenu. Waganga wengine wangependa iandikwe ili isipotee, wengine wangependa ibaki kwenye ukoo. Wote wana haki. Tatizo ni mganga mmoja kuamua kwa niaba ya wote, jioni moja, mbele ya kamera iliyowashwa.

Basi, serikali za vijiji na wazee wa mitaa, lijadilini hilo mapema, mgeni akiwa bado hajafika. Andikeni katika muhtasari wa mkutano mnachokubali kuonyesha, msichokubali, na nani atasaini kwa niaba yenu. Msafiri naye apige simu KWS, Idara ya Wanyamapori au ofisi ya misitu kabla ya kununua, kwa kuwa kibali cha CITES hutolewa kabla ya mzigo kuondoka, na kwa kawaida hakitolewi ukishavuka mpaka.